Mazuti, si Petroli

Dereva wa Dar es Salaam anayeingia Lubumbashi, Kongo, kupitia mpaka wa Kasumbalesa ajifunze kwanza neno mazuti. Ndiyo dizeli. Kifaransa kililichukua kutoka Kirusi, ambako ni mafuta mazito ya kuchomea, na Wabelgiji, waliotawala Kongo, wakalizoea. Petroli yetu kule ni esansi. Ukitaja petroli utaonyeshwa mafuta ya taa!

Mazuti yakikauka katika gari la zamani, kujaza tangi hakutoshi. Hewa imeshaingia kwenye mirija, na kwa kuwa hewa hubanika, noza hazifunguki. Fundi hulegeza skrubu ya chujio, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kisha akakaza. Likigoma bado, hulegeza nati za noza huku stata ikizungushwa, kidogo kidogo, betri isife.