Nambari ya Dar es Salaam: Kipimo cha Akili, Rangi na Mazingira katika Historia ya Elimu ya Mjini

Mwaka 2002 Richard Lynn na Tatu Vanhanen walichapisha kitabu kilichodai kwamba utajiri na umaskini wa mataifa hutokana kwa sehemu kubwa na tofauti za akili baina ya watu wake. Katika jedwali lao Uingereza ilifanywa kuwa mizani yenye alama 100, na Tanzania ikapewa alama 72. Nambari hiyo ilipatikana kwa kutafuta wastani wa tafiti mbili. Utafiti wa kwanza ulifanywa na E. L. Klingelhofer miongoni mwa wanafunzi wa shule za sekondari na kuchapishwa mwaka 1967. Wa pili ni wa Boissiere, Knight na Sabot (1985), ambao data zake zilikusanywa mwaka 1980 miongoni mwa wafanyakazi wa mishahara jijini Dar es Salaam. Wafanyakazi hao walikuwa 179. Nusu ya sifa ya taifa zima, kwa hiyo, ilitundikwa juu ya watu ambao wangeweza kuketi wote katika ukumbi mmoja wa shule.

Wahakiki wengi wa kitabu hicho wamejikita katika takwimu. Hoja ya makala haya ni ya kihistoria. Katika mjadala wa rangi na akili, neno “mazingira” hutumiwa mara nyingi kama kapu la kutupia kila kisichoelezeka kwa urithi. Jijini Dar es Salaam mazingira hayakuwa kapu. Yalikuwa sheria zenye tarehe, mitaa yenye mipaka na shule zenye milango miwili au mitatu. Anayetaka kuisoma nambari 72 hana budi kwanza kuisoma mitaa hiyo.

Lynn hakuwa wa kwanza kuupima ubongo wa Mwafrika wa Afrika Mashariki. Mapema katika miaka ya 1930, jijini Nairobi, H. L. Gordon, daktari wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alishirikiana na mtaalamu wa patholojia F. W. Vint kudai kwamba ubongo wa Mwafrika una upungufu wa kimaumbile. Vint alipima bongo za marehemu na kuchapisha matokeo yake katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki mwaka 1932. Mwaka uliofuata ilianzishwa nchini Kenya jumuiya ya kutafiti namna ya “kuboresha” rangi za watu. Campbell (2007) anaonesha jinsi Gordon alivyoomba fedha za London ili aendeleze kazi hiyo, na jinsi Wizara ya Makoloni ilivyokataa baada ya wanasayansi wa Uingereza kuzikosoa mbinu zake. J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938, aliupa mtazamo huo sura mpya katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaandika kuhusu saikolojia ya Mau Mau kwa ajili ya serikali ya Kenya. Katika miaka hiyohiyo ya Gordon, R. A. C. Oliver alitunga mtihani wa akili kwa Waafrika nchini Kenya na kutahadharisha kwamba alama za watoto waliolelewa katika hali tofauti haziwezi kuhukumu urithi. Tahadhari ya Oliver haikupata wasomaji wengi kama madai ya Gordon, jambo ambalo limeendelea kujirudia katika historia ya fani hii.

Tanganyika haikuwa na Gordon wake, lakini ilikuwa na ramani. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1914 ziliugawa mji wa Dar es Salaam katika maeneo matatu, na Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 wakauendeleza mgawanyo huo. Eneo la kwanza lilikuwa la nyumba za Kizungu kando ya bahari. La pili lilikuwa la maduka na makazi, ambako Wahindi walikuwa wengi. La tatu lilikuwa la Waafrika, na kitovu chake kikawa Kariakoo, mahali palipobeba jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kati ya eneo la pili na la tatu liliachwa eneo la wazi la Mnazi Mmoja. Kwa kuwa masharti ya udhamini hayakuruhusu ubaguzi wa waziwazi, kanuni zilitaja aina za majengo na si rangi za watu. Hata hivyo, aliyeishi mjini alijua zilimaanisha nini. Inafaa kukiri kwamba mipaka hiyo ilivuja. Brennan (2012) anaeleza jinsi Wahindi walivyonunua viwanja na kujenga Kariakoo, na jinsi mivutano ya pango la nyumba ilivyozidisha uadui wa rangi badala ya kuupunguza.

Jambo ambalo wanasaikolojia hawalitaji ni chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mgao wa vyakula jijini ulipangwa kwa kufuata rangi, kwa dhana kwamba Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja ana chakula chake cha asili. Mtoto aliyezaliwa Kariakoo katika miaka hiyo alipewa kundi la kibaiolojia na ofisi ya mgao kabla mtu yeyote hajamwekea karatasi ya mtihani mbele yake. Iwapo lishe ya utotoni huathiri ukuaji wa ubongo, na hilo halina ubishi leo, basi rangi na lishe zilikuwa zimefungwa katika fundo moja na mkono wa serikali yenyewe. Mtafiti anayekuja baadaye na kuona kwamba alama zinafuata rangi anakuwa amelikuta fundo, hajakuta chanzo chake.

Shule nazo zilifuata ramani. Hadi mwisho wa ukoloni elimu ya Tanganyika iliendeshwa katika mifumo mitatu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, kila mmoja ukiwa na shule zake na vyanzo vyake vya fedha. Jamii za Waasia zilikuwa na shule zao mjini, zikiwemo za Aga Khan. Mtoto wa Kariakoo aliyefaulu kupita darasa la nne, na baadaye la nane, aliona shule mashuhuri za sekondari zikiwa nje ya mji: St. Francis ya Pugu, iliyokuwa ya Wakatoliki, na St. Andrew's ya Minaki, iliyokuwa ya Waanglikana. Wakazi wengi wa Kariakoo walikuwa Waislamu. Kwa familia ya Kiislamu, kumpeleka mtoto bweni kwa wamisionari halikuwa jambo la nauli pekee. Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, iliyoanzishwa mwaka 1933, ilijenga shule yake Kariakoo kwa nguvu za wanachama wake kwa sababu pengo hilo lilionekana na kila mtu. Mifumo hiyo mitatu iliunganishwa kisheria kuanzia mwaka 1962.

Kwa mwanga huo, utafiti wa Klingelhofer unasomeka kwa namna nyingine. Alitumia kipimo kilichotungwa na John C. Raven nchini Uingereza katika miaka ya 1930: mtahiniwa huoneshwa mchoro wenye kipande kilichokosekana na kuchagua, miongoni mwa vipande kadhaa, kile kinachoujaza. Kwa kuwa hakina maneno, kipimo hicho kilisifiwa kuwa hakina utamaduni. Klingelhofer aliwalinganisha wanafunzi wa Kiafrika na wa Kiasia waliokuwa sekondari miaka michache tu baada ya mifumo kuunganishwa. Mwanafunzi aliyekuwa na umri wa miaka 16 mwaka 1965 alianza darasa la kwanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, katika shule ya rangi yake na mtaa wa rangi yake. Kilicholinganishwa, kwa hiyo, ni mazao ya mifumo miwili ya shule iliyokuwa imefungwa juzi. Hilo ni swali la maana kwa mwanahistoria wa elimu, lakini si jibu kuhusu nasaba.

Utafiti wa mwaka 1980 ndio wenye kinaya kikubwa zaidi. Boissiere na wenzake hawakuja Dar es Salaam kupima akili ya Watanzania. Walikuwa wachumi, na swali lao lilihusu sera. Kenya na Tanzania zilifanana kwa mengi, lakini Kenya ilipanua elimu ya sekondari kwa kasi ilhali Tanzania iliibana kwa makusudi, ikiweka rasilimali zake katika elimu ya msingi na ya watu wazima. Knight na Sabot baadaye (1990) waliziita nchi hizi mbili jaribio la asili. Walitaka kujua kama msomi hulipwa zaidi kwa sababu ya akili aliyozaliwa nayo, cheti alichoshika au ujuzi alioupata darasani. Walitumia kipimo cha Raven kuwakilisha uwezo wa kufikiri, na mitihani ya kusoma na hesabu kuwakilisha ujuzi. Jibu lao lilikuwa wazi: mchango wa moja kwa moja wa alama za Raven katika mshahara ulikuwa mdogo, wa miaka ya shule ulikuwa wa wastani, na wa ujuzi wa kusoma na kuhesabu ulikuwa mkubwa. Shule ilizalisha kitu halisi, na kitu hicho ndicho kilicholipwa.

Lynn na Vanhanen waliichukua alama ya Raven kutoka katika utafiti huo, wakaiacha hoja yake yote, na kuifanya ushahidi wa dai ambalo hoja hiyo haiungi mkono. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa data iliyohamishwa kutoka nyumba moja hadi nyingine bila samani zake. Aidha, kipimo kilichotumiwa kilikuwa toleo la rangi la Raven, ambalo limetungwa hasa kwa watoto wadogo na wazee. Zaidi ya hayo, mfanyakazi aliyekuwa na umri wa miaka 30 mwaka 1980 alizaliwa mwaka 1950. Utoto wake ulikuwa wa kikoloni, na nafasi yake ya kwenda sekondari iliamuliwa na uchache wa viti. Wala sampuli hiyo haikugusa watu wasiolipwa mshahara. Wachuuzi wa soko la Kariakoo, waliokuwa wakipiga hesabu za mafungu, magunia na mikopo bila karatasi katika jengo jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, hawakuwa sehemu ya swali la wachumi, na kwa hiyo hawakuwa sehemu ya nambari ya taifa lao.

Mwaka 2010 Wicherts, Dolan na van der Maas walizipitia upya tafiti za Afrika kusini mwa Sahara na kupata wastani wa takriban 82 kwa mizani ya Uingereza, tofauti na Lynn aliyeuweka chini ya 70. Walionesha kwamba Lynn alichagua sampuli bila kanuni thabiti. Kazi yao ni ya thamani, ingawa ubishi uliofuata ulihusu zaidi ni sampuli zipi zihesabiwe kuliko watu hao walikuwa akina nani. Kutoka 72 kwenda 82 ni sahihisho la hesabu. Swali la mitaa na shule bado liko palepale.

Hoja ya mazingira nayo haipaswi kutiwa chumvi. Historia ya Kariakoo haithibitishi kwamba urithi hauna nafasi katika tofauti za mtu na mtu ndani ya mtaa mmoja. Inachothibitisha ni kwamba data za Tanzania haziwezi kutenganisha rangi na mazingira, kwa sababu dola iliviunganisha. Ushahidi wa jinsi alama zinavyosogea mazingira yanaposogea unatoka kwingine. James Flynn alionesha mwaka 1987 kwamba vijana wa jeshi nchini Uholanzi walipanda kwa takriban alama 20 za Raven kati ya mwaka 1952 na 1982, muda usiotosha kubadili urithi wa watu. Embu, nchini Kenya, Daley na wenzake (2003) walilinganisha watoto wa miaka saba wa mwaka 1984 na wa mwaka 1998, wakakuta ongezeko la takriban alama 26. Katika kipindi hicho lishe na elimu ya wazazi vilikuwa vimebadilika.

Karibu zaidi na Dar es Salaam, Sternberg, Grigorenko na watafiti wenzao, wakiwemo Watanzania, waliwapima watoto wa shule wilayani Bagamoyo na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Watoto walifanya mtihani, kisha kundi moja likafundishwa kwa muda mfupi, chini ya saa moja, mbinu za kushughulikia maswali ya aina hiyo, na wote wakapimwa tena. Waliofundishwa walipanda zaidi ya wasiofundishwa. Muhimu zaidi, kwa jumla alama za baada ya mafunzo zilibashiri uwezo wao katika mitihani mingine vizuri kuliko alama za mwanzo. Wafanyakazi 179 wa mwaka 1980 walipimwa mara moja tu, na alama hiyo ya kwanza ndiyo iliyoingizwa katika jedwali.