Kupumzika humfaa achezaye peke yake

World of Warcraft, mchezo wa kompyuta unaochezwa kwa intaneti, ulizinduliwa Novemba 23, 2004 na kampuni ya Blizzard Entertainment ya Marekani. Mchezaji humlea mhusika wake kutoka kiwango cha 1. Wakati huo kilele kilikuwa 60. Apandaye bila wenzake hana wa kumtibu vitani wala wa kupiga naye soga njiani, na kila kiwango hudai pointi nyingi za tajriba kuliko kilichotangulia. Hapo ndipo wengi huvunjika moyo.

Waundaji walijaribu kwanza adhabu: aliyecheza kwa saa nyingi alipunguziwa pointi kwa nusu. Wachezaji wa majaribio wakanung'unika. Basi ile nusu ikaitwa malipo ya kawaida, na malipo kamili yakaitwa ziada ya aliyepumzika. Manung'uniko yakaisha, ingawa kilichobadilika hasa ni jina!

Katika toleo hilo, lililorejeshwa mwaka wa 2019, mhusika aliyeachwa katika nyumba ya wageni au jiji kuu hujiwekea akiba ya asilimia 5 ya kiwango kwa kila saa 8. Siku 10 hujaza akiba yote, yaani kiwango kimoja na nusu. Akiachwa porini, hupata robo tu ya hiyo. Akirudi, kila zimwi aliualo humpa pointi maradufu hadi akiba iishe, ila malipo ya kazi anazotumwa hayaongezeki.

Ndiyo sababu baadhi ya wapandao peke yao hulea wahusika wawili kwa zamu: mmoja akiwa vitani, mwenzake amelala.