Habari za Madarasa ya Redio

Leo tunasoma historia, lakini si historia ya masultani wala ya vita. Ni habari za chombo hiki kilicho mbele yenu, yaani redio, na jinsi kilivyowezesha madarasa yaliyo mbali mbali kufanya kazi moja.

Ninyi mnaokaa Mikindani, Msimbati na Kilambo mnaijua shida ya njia ya zamani, au mmeisikia kwa wazee wenu. Masika yakiingia, barabara ya Dar es Salaam ilikatika. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, kwa maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003 tu. Basi kitabu kilichotoka Dar es Salaam kiliweza kukaa ng'ambo ya mto siku nyingi. Sauti ya redio haikungojea pantoni.

Utangazaji wa Dar es Salaam ulianza mwaka 1951, kwa kituo kidogo cha majaribio. Kutumia redio kwa makundi ya kusoma kulikuwa kumekwisha jaribiwa kwingine: wakulima wa Kanada walianza mwaka 1941, na wanavijiji wa Poona, India, mwaka 1956. Kwetu, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1971, nchi ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, watu kama 20,000 walikusanyika katika makundi kusikiliza masomo yaliyoitwa Wakati wa Furaha.

Lakini kazi kubwa ilikuja mwaka 1973. Iliitwa Mtu ni Afya. Kwanza walifundishwa viongozi wa makundi, kama 75,000 katika nchi nzima. Wengi wao walikuwa walimu wa shule za msingi na vijana waliomaliza darasa la saba. Kisha kwa majuma kumi na mawili makundi yalikutana, mengine katika vyumba vya shule baada ya watoto kwenda nyumbani. Redio ilisema. Redio iliponyamaza, kiongozi alisoma kitabu kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asiachwe nyuma. Halafu watu waliulizana: malaria inatusumbua? Kichocho je? Na kuhara damu? Mwisho waliamua la kufanya, wakashika majembe. Hapo ndipo penye maana kubwa, kwa kuwa somo lisilofika kwenye jembe lingekuwa maneno tu.

Fikirini jambo hili. Somo lilikuwa moja kwa nchi nzima, lakini ardhi si moja. Wa uwanda wa juu wa Newala huchimba shimo la choo likasimama. Ninyi wa pwani mnajua mchanga: ukichimba leo bila kuzuia kingo, kesho shimo limeporomoka, na karibu na mikoko maji hutokea upesi. Mtangazaji aliyeketi Dar es Salaam hawezi kuona shimo lako. Redio husema, haisikii. Kwa hiyo kundi lilihitajika: mzee ajuaye ardhi, mama achotaye maji, kijana ajuaye kusoma kitabu. Mimi naona kwamba waliosifu redio peke yake walisahau watu hawa.

Na msisahau kwamba wakati huo ng'ambo ya Ruvuma kulikuwa na vita vya Msumbiji kupigania uhuru, tangu mwaka 1964 hata 1974. Watu wa mpakani walikuwa na mengine ya kuogopa, si mbu tu.

Ilikadiriwa kwamba watu wapatao 2,000,000 walishiriki, na vyoo vingi sana vilichimbwa. Kama vyote vilitumiwa, hilo ni swali jingine. Mtu aliyechimba kwa sababu mwenyekiti anapita aliweza kukiacha choo kimejaa majani. Tena redio ilihitaji betri, na betri zilihitaji fedha. Betri zikifa katikati ya somo, darasa lilibaki na kitabu chake.

Sasa zimeni redio. Mwulizeni mzee mmoja wa kijiji chenu: mwaka 1973 kundi lake lilikutana wapi, nani alisoma kitabu, na walichimba nini? Mkipata majibu, yaandikeni katika daftari. Juma lijalo tutayasoma pamoja.