Hongo ya Ugogo

Mgeni ashukaye leo Dodoma, akakodi gari ili aizuru nchi ya Ugogo, hupatana na mwenye gari juu ya ujira wa siku na mafuta, kisha akashika barabara ya lami iendayo Kondoa na Babati, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2018, wala hana haja ya kuuliza maji yako wapi. Kwa wasafiri wa karne ya 19 swali hilo ndilo lililotangulia yote, na kwa ajili yake wenyeji wa hapa walipakwa tope ambalo mpaka leo halijafutwa vizuri.

Zama hizo kilichokodiwa ni mabega ya watu. Tajiri wa msafara alipatana na wapagazi huko Bagamoyo, kila mmoja akajitwika takriban frasila mbili, yaani ratili 70, kwa ujira wa nguo na posho ya kibaba cha nafaka kwa siku, na mbele yao akatangulia kirangozi aliyezijua njia. Walipoiacha Mpwapwa walifika Chunyu, penye maji ya chumvi kama jina lenyewe linavyoshuhudia, na kutoka hapo ilianza Marenga Mkali, nyika kavu ya masafa ya zaidi ya maili 30. Basi wakijaza vibuyu, wakaondoka jua likipinda kwa mwendo ulioitwa tirikeza, wakalala pasipo maji, wakaamka alfajiri, na kuingia vijiji vya Wagogo midomo imekauka.

Ndipo walipodaiwa hongo, yaani ada ya kupita: nguo za merikani na kaniki, shanga, na mashauri ya siku nzima, pengine siku kadhaa, hata mtemi aridhike. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871, wote wawili walimlipa Magomba, mtemi wa Kanyenye, na wote wawili wakaandika kwa uchungu kana kwamba wameporwa.

Hukumu hiyo naiona ni dhuluma. Nchi hii hupata mvua kiasi cha milimita 570 kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mito hukauka, na watu huchimba mchangani kwa mikono yao ili wanywe wao na ng'ombe wao, ambao ndio mali yao. Msafara wa mamia ya watu ukiwasili wakati wa kiangazi hunywa maji yasiyorudi mpaka masika, na hununua mtama ambao mwaka wa njaa ungeokoa nyumba nyingi. Isitoshe, tajiri yuleyule, pembe zake za ndovu zilipofika Unguja, alilipa ushuru forodhani wala hakumwita Sultani mnyang'anyi. Kwa nini basi mtemi, aliyekuwa na visima badala ya bandari, aitwe hivyo?

Wadachi walijenga boma Mpwapwa mwaka 1889, hongo ikakomeshwa, na reli ilipofika Dodoma mwaka 1910 mizigo ikashuka mabegani mwa watu.

Nawaomba madereva wanaowachukua wageni kwa magari ya kukodi wasiishie Kondoa kwenye michoro ya miambani. Pitieni Chunyu, simamisheni gari, mwonjesheni mgeni maji yale, kisha mwelezeni hongo ililipiwa nini.