Kinga ya mzee si chuma tu

Kwetu Isangi, pale Lomami inapoingia mto Kongo, nyumba nyingi zingali na kinga ya mzee, baiskeli iliyoshikwa kutu. Tusiidharau. Vita ya 1998 hadi 2003 ilipokata njia ya malori na meli za Kinshasa, baiskeli ndizo zilibeba mchele, mafuta ya mawese, hata wagonjwa. Kisangani, hata kiisha vita ya siku sita ya Juni 2000, watu walipanda toleka, baiskeli za abiria. Kwa Lingala maana yake "tupite". Leo pikipiki zimechukua nafasi yao. Basi, mbele ya kuuza kadre, tumuulize mzee: aliinunua kwa mavuno gani? Ilisomesha nani? Majibu tuyaandike, kinga tuipake mafuta, tuwaachie wajukuu vyote viwili.