Hesabu ya Simba

Mzee mmoja wa hapa Segera kaniuliza kama kweli mtafiti wa simba alipigwa marufuku nchini. Ni kweli.

Utafiti wa simba wa Serengeti aliuanza George Schaller mwaka 1966. Mmarekani Craig Packer akaujia mwaka 1978. Mwaka 2004 yeye na wenzake walionyesha kwamba uwindaji hautamaliza simba iwapo madume wasiotimiza miaka sita wataachwa. Serikali ikakubali; kanuni za 2010 zikaweka umri huo. Hapo alikuwa mgeni wa heshima.

Mwaka 2011 alichapisha jambo chungu: simba waliowindwa Tanzania walipungua kwa nusu kati ya 1996 na 2008, na chanzo kikuu ni uwindaji wenyewe. Akadai pia kuna rushwa. Mwaka 2014 kibali kikafutwa. Kwa maelezo yake, kwa sababu ya aliyowaandikia Wamarekani kuhusu biashara hiyo.

Sisemi mgeni atutukane. Lakini wizara iliyogawa vitalu vya uwindaji ndiyo iliyosimamia pia utafiti wa wanyamapori. Muuza mbuzi ndiye huyo huyo mshika daftari la zizi!

Basi habari za simba wetu tukazisoma katika kitabu chake, kilichochapwa Chicago mwaka 2015.