Land Rover ya zamani inakula oili? Pima injini kabla ya kununua spea

Land Rover Series III iliacha kutengenezwa 1985, lakini bado inapiga kazi. Oktoba 2024, Land Rover za kila umri zilijaa Arusha kwenye tamasha lao. Nyingi za zamani zina injini ya petroli ya silinda 4, cc 2,286, iliyoanza 1958.

Moshi wa bluu ukianza, utaambiwa: "Lete ringi tu, leo leo tunafunga." Hapo ndipo hela inapopotea. Silinda iliyolika haibaki duara, na juu hulika zaidi kuliko chini. Ringi mpya haiwezi kuziba tundu la namna hiyo, kwa hiyo moshi utarudi.

1. Pima compression mara mbili
Kwanza kavu. Kisha weka oili kidogo kupitia tundu la plagi, upime tena. Presha ikipanda, shida ni ringi au silinda. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi. Huenda hata huhitaji kushusha injini.

2. Pima silinda
Juu, kati na chini, kila mahali pande mbili. Ikiwa imelika, inachongwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. "Saizi 20" ni nyongeza ya karibu mm 0.5, "saizi 40" ni mm 1. Kama imeshachongwa hadi mwisho, usitupe bloku: inawekewa laina na kurudi standadi.

3. Pima krankshafti
Injini za kabla ya 1980 zina beringi kuu 3, zilizofuata zina 5. Krankshafti zake haziingiliani, kwa hiyo jua yako ni ipi kabla ya kuagiza. Na usinunue beringi mapema: krankshafti ikichongwa, saizi inabadilika.

4. Osha, ndipo ufunge
Safisha njia zote za oili. Chembe moja ya chuma iliyobaki baada ya kuchonga inatosha kuua beringi mpya. Bolti za hedi zikazwe kwa spana yenye kipimo, kuanzia katikati kwenda nje. Tapeti ni mm 0.25, na silinda zinawaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

5. Usikimbilie kuwasha
Toa plagi, zungusha injini kwa stata, kidogo kidogo, mpaka taa ya oili izime. Ndipo uwashe. Siku za mwanzo usibebe mzigo mzito wala kuiacha ikiunguruma muda mrefu imesimama. Badilisha oili na filta mapema.

Kabla hujatoa hela ya spea, mwambie fundi akuandikie vipimo vyote kwenye karatasi. Akisema "mimi naona kwa macho tu", pakia bloku lako, tafuta gereji nyingine.